Mwaka uliogeuza idara yetu ya lugha za Kislavoni: Mwalimu anajibu barua zenu

Habari zenu wapenzi wasomaji. Toleo lililopita niligusia tu, mstari mmoja miwili, kwamba idara ninayofundisha huku Marekani imepitia mwaka mgumu na hata jina imebadilisha, basi jamani barua zilivyomiminika sikutegemea. Nilidhani lugha za Kislavoni, yaani Kirusi na ndugu zake kama Kiukreni na Kipolandi, ni kitu cha mbali kwa msomaji wa Tanga au Kisumu, kumbe wengi mna ndugu waliosoma Urusi, wengine mna watoto huko hadi saizi, na wengine wenyewe mlikuwa Ukraine vita ilipoanza mkatoka kwa miguu hadi mpakani. Nimechagua barua sita. Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Tanga, nilienda Kharkiv, mji wa Ukraine ya leo, kusoma mwaka 1988 enzi za Wasovieti, nikakaa mpaka shahada ikaisha na nchi yenyewe imebadilika jina, afu maisha yakanileta huku, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini niko darasani nafundisha Kirusi. Chuo sikitaji, wenzangu bado wanapigania nafasi zao na sitaki maneno yangu yawaponze.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi kijana wa Morogoro, niko mwaka wa pili chuo kimoja huko huko Marekani, somo langu kuu ni Kirusi. Niliporudi likizo nikakuta kibao kipya mlangoni kwa idara, kozi ya fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 imeondolewa imewekwa nyingine inayochanganya nchi nyingi, profesa mzee kastaafu na hakuna aliyechukua nafasi yake, na ile safari ya Saint Petersburg niliyokuwa naisubiri ndo basi tena. Wenzangu wananiambia Kirusi kimekufa nihamie kompyuta. Niache?"

Marahaba mwanangu. Usiache. Lakini kaa nikueleze maana naona umebeba vitu vitatu tofauti kwenye mfuko mmoja, na kila kimoja kina asili yake.

Safari imekufa kwa sababu ya vita, hiyo haina mjadala. Tangu tarehe 24 Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote vyuo vya huku vilirudisha wanafunzi na kufunga programu za Moscow na Petersburg. Nafasi ya mzee aliyestaafu imekufa kwa sababu ya pesa, na ugonjwa huo ulikuwepo kabla ya vita, ntaugusia kwenye barua nyingine hapo chini. Kibao na kozi ndo jambo la tatu, na hapo ndo moyo wangu ulipo.

Idara hizi zilijengwa Kirusi kikiwa sebule na lugha zingine vyumba vya uani. Kwetu ilikuwa hivo hivo. Kulikuwa na mwenzangu anayefundisha Kipolandi, mama mmoja mpole sana, miaka yote alipewa kile chumba cha chini kisicho na dirisha saa mbili asubuhi, na hakuna aliyekaa akapanga kumdhulumu, ratiba ilianza na Kirusi na kilichobaki ndo kikagawanywa. Kiukreni hatukuwa nacho kabisa. Tulikuwa na fomu ya mtihani wa kupangiwa darasa, ile anayojaza mwanafunzi mpya anayetoka nyumba inayoongea lugha ya Kislavoni, ina sehemu imeandikwa "lugha ya nyumbani" na visanduku viwili tu: Kirusi, Nyingine. Nilizisimamia fomu zile miaka kumi na kitu. Baada ya vita wakaanza kuja watoto waliokimbia kutoka Mariupol na Kherson, binti mmoja akaitazama fomu ile muda mrefu, akaweka tiki kwenye "Nyingine" afu pembeni kwa mkono wake akaandika neno "Kiukreni" kwa herufi kubwa akalipigia mstari chini mara mbili mpaka karatasi ikachanika. Hiyo fomu niliipeleka kwenye kikao. Sikuhutubia, niliiweka tu mezani wakaipitisha mkono kwa mkono.

Basi mwaka ule wote tulikuwa kwenye vikao. Septemba jina, Oktoba jina, Novemba tukaanza kozi, Januari tukarudi tena kwenye jina maana wengine walisema neno Kislavoni lenyewe linawafungia nje watu wa Georgia, Kazakhstan, Hungary na Wayahudi wa mashariki ya Ulaya ambao tunafundisha vitabu vyao ila lugha zao sio za Kislavoni. Tulikwaruzana, kuna watu waliacha kusalimiana kwenye korido. Na haikuwa kwetu tu, chama cha wasomi wa taaluma hizi huku Marekani, ASEEES, kilishabadilisha jina lake tangu 2010 ili kutaja Ulaya Mashariki na Eurasia, na mkutano wake mkuu wa 2023 pale Philadelphia kaulimbiu ilikuwa neno moja, kuondoa ukoloni. Mtu wa Afrika ukilisikia neno hilo kwenye mkutano wa wataalamu wa Urusi unakaa wima kitini.

Kuna wanaosema tunaharibu mila. Mimi huwa nawauliza mila ipi? Kiti cha kwanza cha fasihi za Kislavoni pale Collège de France mjini Paris, mwaka 1840, alipewa Adam Mickiewicz, Mpolandi, mkimbizi asiye na nchi maana nchi yake ilikuwa imegawanywa na wakubwa watatu. London ile shule ya masomo ya Kislavoni ilipofunguliwa Oktoba 1915 aliyetoa mhadhara wa ufunguzi ni Tomáš Masaryk, Mcheki, na mada yake ilikuwa tatizo la mataifa madogo, miaka mitatu baadaye akawa rais wa kwanza wa Czechoslovakia. Kwa hiyo taaluma hii huku magharibi wadogo walikuwemo tangu mwanzo, Kirusi kilikuja kukaa juu yao baadaye kwa sababu serikali kubwa zilikuwa zinatazamana na Moscow, na sisi walimu tukaifuata pesa. Nasema sisi, na mimi nimo.

Sasa ushauri wangu kwako. Kirusi endelea nacho, ni lugha ya mamilioni ya watu na wengi wao hawaishi Urusi wala hawaitaki vita. Ila mwaka wa tatu ongeza lugha ya pili ya Kislavoni, Kiukreni au Kipolandi au ile tunayoiita BCS yaani ya Wabosnia, Wakroatia na Waserbia, chukua hata kama itakuchelewesha semista moja. Anayejua Kirusi peke yake saizi anafika kwenye usaili anaulizwa swali la Ukraine au la Balkan anajibu kwa macho ya Moscow bila yeye kujua. Na jambo la mwisho, jina lako kwenye orodha ya darasa lina uzito kuliko unavyofikiri. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha wanafunzi wa lugha za kigeni kwenye vyuo vya Marekani wamepungua kwa asilimia 16.6 ukilinganisha na 2016, na wakuu wa vitivo wanazisoma hizo hesabu kila asubuhi. Darasa lenye watu wanne linafungwa. Ukikaa wewe na mwenzako mmoja linaweza kubaki.

"Mwalimu habari yako. Naomba uniweke sawa, hicho Kiukreni si ni Kirusi tu chenye lafudhi ya kijijini? Mimi nilisoma udaktari Donetsk zamani na sikuwahi kuhitaji lugha nyingine." (Daktari, Dar es Salaam)

Nzuri daktari, na asante kwa kuuliza waziwazi maana hata mimi niliamini hivo hivo miaka mingi. Na wewe na mimi tulifundishwa vile. Tulipofika tuliwekwa mwaka mzima kitivo cha maandalizi, Kirusi asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyetuambia kwamba mji tuliopo una lugha nyingine.

Nikupe kisa changu. Majira yangu ya kwanza ya baridi Kharkiv buti zangu zilipasuka soli, na nilikuwa nazo hizo hizo tu. Nikazipeleka kwa fundi viatu mmoja mzee pembeni ya soko kuu, mtu wa kijijini, mikono imejaa gundi. Akazigeuza geuza, akaniambia "prykhod u nedilyu". Mimi nikasikia nedelya, Kirusi changu kikaniambia nedelya ni wiki, basi nikaelewa nirudi baada ya wiki. Ilikuwa Jumatano. Nikakaa wiki nzima navaa raba za kitambaa kwenye theluji, nikarudi Jumatano iliyofuata vidole havina hisia. Mzee akaniangalia miguu, akasikitika kweli kweli, akasema binti nilikungoja Jumapili, nilikaa mpaka jioni. Kwa Kiukreni nedilya ni Jumapili. Wiki wanaita tyzhden. Akanikalisha kwenye kigoda chake karibu na jiko akanipa chai, akanifundisha siku zote saba pale pale kwa kuhesabu misumari, hata pesa ya soli hakuchukua. Mimi niliporudi hosteli niliwaambia wenzangu kwamba yule mzee anaongea Kirusi kibovu. Maneno hayo nimeyakumbuka sana mwaka 2022 nilipokuwa naangalia kwenye simu majengo ya Kharkiv yakiungua.

Sasa tizama. Kipolandi Jumapili ni niedziela, wiki ni tydzień. Asante kwa Kirusi ni spasibo, lakini Kiukreni ni dyakuyu, Kibelarusi dziakuj, Kipolandi dziękuję. Januari na Februari Mrusi anasema yanvar na fevral kama Mzungu mwingine yeyote, Mukreni anasema sichen na lyutyi, Mpolandi styczeń na luty. Ni ndugu wa familia moja lakini kila mtu ana nyumba yake, kama Kiswahili na Kigiriama, unasikia neno hapa na pale unajiona umeelewa, afu linatoka neno moja unapotea njia. Na undugu huu una mitego. Mcheki akikwambia mkate ni čerstvý ununue haraka umetoka kwenye oveni. Mrusi akikwambia mkate ni cherstvy, umekauka, achana nao.

Hilo la lafudhi ya kijijini nalo lilitengenezwa na watu. Mwaka 1876 Alexander wa Pili, Tsar yaani mfalme wa Urusi, alitia sahihi amri kule Ems, Ujerumani, kupiga marufuku kuchapa vitabu kwa Kiukreni na hata kuigiza jukwaani kwa lugha hiyo. Wakati wa Stalin, mwaka 1933, waliiondoa hata herufi yao moja, ile ґ, ili maandishi yao yakaribie ya Kirusi, ikarudishwa 1990. Lugha ukiizuia isichapwe, isifundishwe, isiingie mjini, baada ya miaka mia watu watakwambia ni ya kijijini na watakuwa wanakuonyesha ushahidi kwa kidole. Wewe na mimi tuliukuta ushahidi tu.

Semista ya kwanza ya Kiukreni kwetu walijiandikisha saba. Nami nilikaa humo, dawati la nyuma, na daftari langu, nikiwa na miaka hamsini na kitu. Mwalimu alikuwa binti mdogo kutoka Lviv wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkataba huo hadi leo haujawa wa kudumu, na hilo linaniuma kuliko yote, maana tumebadilisha kibao, anayefundisha kile tulichokiandika kwenye kibao bado hajui kama mwakani atakuwa na kazi.

"Shikamoo dada. Mwanangu anasoma Kirusi huko Uingereza, mwaka wa tatu lazima wakae nje. Wenzake wa zamani walienda Urusi, yeye anapelekwa Almaty, Kazakhstan. Mimi hata nchi yenyewe nimeitafuta kwenye ramani. Atajifunza Kirusi gani huko kwa watu wasio Warusi?" (Mama, Moshi)

Marahaba mama, pole na wasiwasi. Ondoa hofu kwenye upande wa lugha. Baada ya 2022 wanafunzi wa Kirusi wa Uingereza na Marekani wametawanyika Almaty, Bishkek, Tbilisi, Yerevan na wengine miji ya nchi za Baltiki, na Almaty ndo imepokea wengi, Wamarekani wana programu yao kubwa pale kwenye chuo kikuu cha Al-Farabi. Kirusi cha Almaty ni Kirusi kamili, watu wanakiongea dukani, ofisini, kwenye basi. Lugha ya taifa ni Kikazaki, na Kirusi kinatumika rasmi pamoja nacho.

Na kwenye swali lako la watu wasio Warusi, mama, fikiria mgeni anayetaka Kiswahili akapelekwa Bujumbura au Lubumbashi badala ya Zanzibar. Atakijua Kiswahili? Atakijua, na tena atajua kitu ambacho wa Zanzibar hatokiona, kwamba lugha ina wenyewe wengi na kila mmoja ameipata kwa njia yake, mwingine kwa biashara, mwingine kwa jeshi, mwingine kwa kulazimishwa. Wanafunzi wangu waliorudi kutoka Almaty wanauliza maswali ambayo wale wa Petersburg hawakuwa wanauliza. Mmoja aliishi na bibi Mkazaki ambaye wazazi wake walinusurika njaa kuu ya miaka ya 1930, na bibi huyo alimsimulia kwa Kirusi, maana Kirusi ndo lugha pekee waliyoshirikiana. Kijana alirudi akabadilisha mada ya tasnifu yake.

Mwambie abebe koti zito, Almaty iko chini ya milima na baridi yake ni ya kweli. Na ajifunze angalau rakhmet, ndo asante ya Kikazaki, akisema hiyo tu watu wanafunguka.

"Mwalimu, mimi nafundisha Kiswahili chuo kimoja huku Marekani. Mwaka 2025 ufadhili wa wanafunzi wangu ulikatwa na nasikia watu wa Kislavoni wamekatwa pia. Sisi na wao tunahusiana wapi?"

Tunahusiana kwenye mfuko mmoja ndugu yangu, na nashangaa wenzetu wengi hawajui. Oktoba 4, 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, mwaka uliofuata 1958 wakapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa na ndani yake kuna sehemu ya sita, Title VI, ya kulipia lugha ambazo hazikuwa zinafundishwa sana. Kirusi ndo kilikuwa mbele kwenye mawazo yao, ila mlango ulipofunguka zikaingia na lugha za Afrika, na Kiswahili kimekula kwenye sahani hiyo zaidi ya nusu karne. Ule ufadhili wa FLAS uliomlipia mwanafunzi wako asome Kiswahili mwaka mzima ndo huo huo uliomlipia wangu asome Kiukreni au Kiuzbeki. Mwaka 2025 serikali ikausimamisha. Kwetu habari ilikuja kwa imeli wanafunzi wakiwa wameshapanga nyumba.

Nikwambie ukweli huo ndo mwezi nililia ofisini. Mwaka mzima tulikuwa tumegombana kuhusu jina, nani atajwe nani asitajwe, tukafika mahali tukakubaliana, tukapanga Kiukreni kiende mpaka mwaka wa tatu, tukawa na mpango wa kumleta mwalimu wa Kikazaki, afu pesa ikaondoka chini ya miguu yetu. Na tulikuwa tumeshaona mfano wa West Virginia, Septemba 2023, bodi ya chuo kikuu cha jimbo lile ilipopiga kura kufuta programu 28 na nafasi za walimu 143, masomo ya Kirusi yakaondoka na masomo karibu yote ya lugha za kigeni, wanafunzi wakaandamana wamevaa vitambaa vyekundu shingoni, na kura ikapita vile vile.

Cha kufanya? Kwetu tumeanza kitu kidogo na nakushauri ukijaribu. Tulimfuata mwalimu wa Kiswahili wa chuo chetu, ghorofa ya juu yetu, miaka kumi tunapishana kwenye ngazi tunasalimiana tu. Tukakaa naye tukaandika kozi moja ya pamoja kuhusu jinsi lugha inavyokuwa ya taifa, nusu yake Kiswahili, nusu yake Kiukreni na Kikroatia. Wanafunzi wake wakaletwa kwetu, wetu wakaenda kwake, na kwenye ile hesabu ya mkuu wa kitivo darasa likasomeka limejaa. Kuna maprofesa wangu walinuna wakasema Kiswahili na Kislavoni wapi na wapi. Niliwaambia historia inasema vingine, Kiswahili kinasomwa Leningrad, ndo Petersburg ya leo, tangu miaka ya 1930 kwa juhudi za Dmitri Olderogge, mtaalamu wao wa lugha za Afrika, na kamusi ya Kiswahili na Kirusi aliyoihariri ilitoka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika. Na pale Dar es Salaam kwenye taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili alifanya kazi Mpolandi, Rajmund Ohly, mtu aliyekesha na istilahi zetu. Wao walitufuata. Na sisi tuwafuate.

"Mwalimu salaam. Mimi mzee, nilisoma Moscow, chuo cha Lumumba, miaka ya 70. Urusi ilinisomesha bure wakati wengine walinifungia mlango. Nasikia mnamtupa Pushkin, mshairi wao mkuu. Kweli jamani?"

Shikamoo baba. Sijamtupa, na sitomtupa. Deni lako nalielewa maana na mimi ninalo, walinisomesha bure, walinilisha, waliponitibu hawakuniuliza hela. Chuo chenu kilifunguliwa 1960, kikapewa jina la Lumumba 1961 baada ya kuuawa kwake, kikaondolewa jina hilo 1992 na kurudishiwa 2023, najua kwa watu wa rika lako jina hilo ni kitu kikubwa. Shukrani yako kwa walimu wako ibaki, haina anayeigusa.

Tulichobadilisha ni hivi. Zamani nilikuwa namfundisha Pushkin naeleza kwa fahari kwamba babu wa mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto akalelewa kwa Tsar Peter, na wanafunzi weusi walikuwa wanafurahi na mimi nafurahi, tunaishia hapo. Saizi naendelea mbele kidogo, tunasoma pia lile shairi lake la 1831 Wapolandi walipoinuka kudai nchi yao na yeye akasimama na jeshi la Tsar. Mtu huyo huyo. Na pembeni yake namweka mshairi wa Ukraine, Taras Shevchenko, aliyezaliwa 1814 akiwa mtwana, mali ya bwana shamba, akanunuliwa uhuru wake 1838 kwa pesa iliyopatikana kwa bahati nasibu ya mchoro, na mwaka 1847 akapelekwa uhamishoni jeshini kwa sababu ya mashairi yake ya Kiukreni, na Tsar akaongeza kwa mkono wake asiandike wala asichore. Miaka kumi baba, mchoraji na mshairi. Alipoachiwa, mwaka 1858 kule Petersburg akakutana na Ira Aldridge, mwigizaji Mwafrika wa Marekani aliyekuwa anatembelea kumbi za Ulaya. Hawakuwa na lugha moja, walitafsiriwa na watu, na Shevchenko akamchora. Yule aliyezaliwa mtwana anamchora mtu ambaye ndugu zake wa rangi bado walikuwa watumwa ng'ambo. Mimi nilisoma Kharkiv, kwenye bustani kubwa ya mji kuna sanamu refu la Shevchenko nilipita chini yake kila siku, na sikuambiwa habari hii hata siku moja. Ndo maana nabadilisha kozi baba. Nilinyimwa, sitaki wengine wanyimwe.

"Mwalimu niko kidato cha sita Mombasa. Kati ya lugha zote hizo ipi rahisi kwa sisi Waswahili?"

Mwanangu, Kibulgaria ndo kimeacha karibu kabisa kubadilisha mwisho wa nomino kufuata kazi yake kwenye sentensi, kwa hiyo hapo utapumua. Kirusi kinabadilisha mwisho wa neno kwa namna sita, kitabu ni kniga lakini nasoma kitabu ni chitayu knigu. Kiukreni, Kipolandi na Kicheki ni saba. Usiogope, wewe umekulia kwenye kitabu kizuri kimeanguka, vitabu vizuri vimeanguka, akili yako imeshazoea neno moja kuvuta mengine. Mwingereza hapo ndo anatoka jasho. Na kwenye kitenzi, ile tofauti ya pisal na napisal inayowatesa, we jiulize tu ni alikuwa akiandika au ameshaandika, inakaa.

Kiukreni kina ile namna ya saba, ya kumwita mtu. Baba ni tato, ila ukimwita kutoka nje ya nyumba unasema tatu! Mama unamwita mamo! Binti, divchyno! Yule fundi wa Kharkiv alikuwa ananiita hivo kila nikipita baada ya siku ile, divchyno, buti zinaendeleaje. Anza na herufi, ni thelathini na tatu, wiki mbili zinatosha ukiandika kwa mkono kila siku, afu niandikie tena nikutumie karatasi za mazoezi.